Pesa ya Chuo: Nani Anaitoa, na Anataka Nini

Barua ya udahili imefika, na ndani yake mna mstari unaofurahisha nyumba nzima: "Umepewa msaada wa kifedha wa dola 15,500 kwa mwaka." Shangwe ikishapoa, mmoja katika familia anaisoma barua hadi chini. Anakuta kwamba gharama ya mwaka mzima, yaani ada, malazi, chakula, vitabu na bima ya afya, ni dola 22,000. Anakuta pia kwamba ule msaada una vipande vitatu: ruzuku ya dola 6,000, mkopo wa dola 7,000, na kibarua cha chuoni kinachoweza kumpatia mwanafunzi hadi dola 2,500 akipata saa za kutosha.

Hesabu hizo nimezitunga ziwe mfano, lakini barua za muundo huo hutumwa kila msimu wa udahili, na hapo ndipo wengi hupotea. Vitu vitatu vyenye tabia tofauti vimejumlishwa vikapewa jina moja. Mkopo utarudishwa, mara nyingi na riba juu. Kibarua ni ujira wa jasho: unalipwa kwa sababu umesimama maktabani ukipanga vitabu. Kilichotolewa bure ni dola 6,000 tu. Ziondoe kwenye 22,000 unabaki na 16,000, na hiyo ndiyo bei ya chuo kile kwako wewe.

Weka kando yake barua ya chuo cha pili: gharama ya mwaka dola 13,000, ruzuku dola 2,000, basi. Kwa macho kinaonekana kibahili, lakini bei yake ni 11,000. Kwa miaka minne umeokoa dola 20,000, bila kuhesabu riba. Hata hivyo kuna upande ambao washauri wengi huuruka. Chuo hicho cha bei nafuu kinataka dola 11,000 mkononi kila mwaka, ilhali kile cha kwanza kinataka 6,500 za mfukoni kwa sasa, na sehemu kubwa ya zilizobaki inasogezwa mbele kama deni. Familia isiyo na 11,000 haiwezi kuuchukua unafuu huo hata ikiuona. Kwa hiyo kila ofa ina maswali mawili: itanigharimu kiasi gani kwa jumla, na nahitaji kuwa na kiasi gani siku ya kusajiliwa?

Kila mfadhili ana lake

Ushauri wa kawaida humwambia mwanafunzi atafute skolashipu nyingi awezavyo na kuomba zote. Mimi naona ni kupoteza nguvu. Fedha za masomo hutolewa na watu na taasisi zenye sababu zao, na ukishaijua sababu utajua kama wewe ndiye wanayemtafuta, watakuuliza nini, na watakudai nini baadaye.

Serikali huwasomesha raia wake kwa sababu inataka wataalamu na kodi zao za kesho. Ndiyo maana misaada hiyo kwa kawaida haiwafikii wageni. Pell Grant ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa ajili ya wanafunzi wa kipato cha chini, ilifikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024–25 na hairudishwi. Lakini mwanafunzi aliyeingia nchini humo kwa viza ya masomo haipati, hata awe na dhiki kiasi gani. Watu huijaza fomu yake ndefu kutoka nje ya nchi wakitumaini, kisha huambulia patupu.

Serikali inapomsomesha mtu wa nchi nyingine, hesabu hubadilika: inanunua urafiki. Fulbright, skolashipu ya serikali ya Marekani, ilianza mwaka 1946, na fedha zake za mwanzo zilitokana na mauzo ya mali za kijeshi za Marekani zilizobaki nje ya nchi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wazo lilikuwa kwamba waliosoma pamoja watapigana kwa shida. DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, lilizaliwa Heidelberg mwaka 1925, ufadhili wa serikali ya Japani unaojulikana kwa jina la MEXT ukaanza mwaka 1954, na Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, mwaka 1983. Soma masharti ya Chevening ukiwa na wazo hilo kichwani na kila kitu kinaeleweka. Wanataka angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kama miaka miwili hivi, kwa sababu wanamtafuta mtu aliyekwishaanza kupanda ngazi. Wanauliza kuhusu uongozi na mtandao wa watu unaofahamiana nao. Wanataka urudi nchini kwako ukakae angalau miaka miwili baada ya masomo, maana rafiki aliye madarakani kwao ana faida kuliko mhamiaji. Mwombaji mwenye alama za juu kabisa anayeandika insha nzima kuhusu alama zake amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Vyuo vyenyewe ndivyo vyenye fungu ambalo watu hulisahau, navyo vina sababu mbili zisizofanana. Vichache vyenye utajiri mkubwa huangalia uhitaji. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hupokea maombi ya shahada ya kwanza bila kujali uwezo wa mwombaji kulipa, hata kama ni mgeni, na aliyedahiliwa hujaziwa pengo lote ambalo chuo kimekubali kwamba familia yake hailiwezi. Kwa kijana wa familia maskini, chuo cha namna hiyo huweza kuwa cha bei ndogo kuliko cha jirani. Ugumu ni kuingia tu. Vyuo vingine vingi hutoa "skolashipu ya ubora" ili kujaza viti na kuvuta wanafunzi wenye alama nzuri. Ada ikiwa kubwa na karibu kila aliyedahiliwa akapewa punguzo, hiyo ni bei iliyoshushwa kwa lugha ya heshima. Hakuna ubaya kuichukua, ila isikupumbaze ukadhani umeshinda watu elfu.

Wakfu hufuata maono ya aliyetoa mali, na mashirika ya kimataifa nayo yana walengwa wao. Mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, unawalenga hasa vijana wa Kiafrika wenye kipaji na uwezo mdogo wa kifedha. Gates Cambridge, iliyoanzishwa mwaka 2000 kwa mchango wa dola milioni 210, inatafuta watu wa shahada za juu walio tayari kuboresha maisha ya wengine. DAFI, inayosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi tangu 1992, ni ya wakimbizi wanaosoma shahada ya kwanza. OWSD, shirika lenye makao Trieste nchini Italia, hufadhili wanawake wa nchi zinazoendelea kufanya uzamivu katika sayansi. Orodha ni ndefu, na mwenye sifa adimu asianze na skolashipu inayoombwa na dunia nzima.

Mlango wa kubisha

Hapa ndipo watu wazuri huangukia, na si kwa kukosa akili. Skolashipu moja ina jina moja, lakini mlango wake huenda usiwe mahali jina lilipo.

Anayetaka Erasmus Mundus, skolashipu ya uzamili ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, haombi kwa Umoja huo. Kila programu ya uzamili huendeshwa na kundi la vyuo vya nchi mbalimbali, nawe unaliomba kundi hilo moja kwa moja. Wao ndio wanaochagua nani apate posho ya euro 1,400 kwa mwezi. MEXT ina njia mbili, ubalozi wa Japani nchini kwako au chuo cha Japani kinachokupendekeza, na kila njia ina kalenda yake. Stipendium Hungaricum ya Hungaria, iliyoanza mwaka 2013, hutaka upendekezwe na mamlaka husika ya nchi yako, hivyo kujaza fomu ya mtandaoni bila kupita huko ni nusu ya safari. Mastercard Foundation haipokei maombi ya mwanafunzi mmoja mmoja. Unaomba kwenye chuo mshirika. Gates Cambridge huombwa ndani ya fomu ileile ya kuomba udahili wa Cambridge, kwa hiyo aliyekamilisha udahili akasema "skolashipu nitaomba baadaye" amechelewa tayari.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja ya insha, tafuta majibu ya mambo haya kwenye tovuti rasmi: nani anapokea maombi, je, udahili unatangulia au unafuata, na je, nchi yangu na fani yangu zimo mwaka huu. Neno "mwaka huu" ni muhimu. Orodha za nchi hubadilika, na kurasa zinazokusanya matangazo ya skolashipu hurudia tangazo la miaka mitatu iliyopita kana kwamba limetoka leo asubuhi. Zitumie kujua majina, kisha ziache.

Shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu

Ufadhili kamili wa kwenda kusoma shahada ya kwanza nje ya nchi ndio unaotafutwa zaidi na ndio ulio adimu zaidi. Serikali nyingi huona mtoto wa miaka kumi na minane bado hajaonyesha atakuwa nani. Kwa ngazi hiyo, njia zenye mantiki ni mkopo au ruzuku ya serikali yako, punguzo la chuo chenyewe, au nchi ambako ada ni ndogo tangu mwanzo. Kwenye uzamili ndiko zilikojaa zile skolashipu zenye majina makubwa.

Uzamivu ni habari nyingine kabisa, na inasikitisha kuona watu wakiutafutia skolashipu kana kwamba ni uzamili mrefu. Sweden, Norway na Denmark hutangaza nafasi za uzamivu kama ajira: kuna mshahara, kuna mkataba, kuna usaili. Marekani, vyuo vikuu vya utafiti kwa kawaida humsamehe ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho, naye hufundisha au kusaidia utafiti. Katika sayansi na uhandisi, fedha mara nyingi zimo mikononi mwa profesa mwenye mradi. Barua pepe fupi inayoonyesha kwamba umesoma kazi yake na unajua utachangia nini ina uzito kuliko fomu kumi za wakfu. Ukidahiliwa uzamivu kwenye fani hizo na ukatakiwa ujilipie kila kitu, fikiri mara mbili kabla ya kukubali.

Kuhusu ada ndogo, kuna neno la tahadhari. Vyuo vikuu vingi vya umma nchini Ujerumani havitozi ada ya masomo hata kwa wageni, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini anayeomba viza hutakiwa kuonyesha ana uwezo wa kujikimu, na njia iliyozoeleka ni kuweka fedha kwenye akaunti ya zuio: tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo hutolewa euro 992 kila mwezi. Elimu ni bure, kuifikia si bure. Nchi za Nordi nazo zimebadilika: Sweden ilianza kuwatoza ada wageni wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2011, Finland ikafuata 2017, na Norway 2023. Makala ya zamani inayosema "Norway husomesha wote bure" imepitwa na wakati.

Mkopo una tabia yake

Nimekutana na wazazi wanaoogopa neno mkopo kama ugonjwa, na vijana wanaosaini mkopo wowote unaopita mbele yao. Wote wanaihukumu mikopo kwa jina, wakati cha kuangalia ni namna marejesho yanavyopigiwa hesabu.

Australia ilianza mwaka 1989 utaratibu ambao mhitimu hulipa kulingana na kipato chake. England inafuata njia hiyo: walioanza masomo tangu Agosti 2023 hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka, na kinachobaki hufutwa baada ya miaka 40. Ukikosa kazi, hulipi. Deni la namna hiyo linafanana zaidi na kodi kuliko na deni. Mkopo wa benki ni kinyume chake: kila mwezi kiasi kilekile, uwe na kazi au huna, na aliyekudhamini hufuatwa ukishindwa. Ukipewa mkopo wowote, uliza riba inaanza kuhesabiwa lini, kama ni wakati ungali darasani au baada ya kuhitimu. Marejesho yanaanza baada ya miezi mingapi. Na kama unaweza kulipa mapema bila adhabu. Majibu matatu hayo yanakueleza zaidi ya kijitabu kizima chenye picha za wahitimu wanaocheka.

Insha na barua za mapendekezo

Wasomaji wa maombi hupitia mamia ya insha, na nyingi huanza vilevile: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, ila inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Linganisha na hii: "Kituo cha afya nilikofanya kazi kilikuwa na jokofu moja la chanjo, na umeme ulipokatika nilikuwa mimi ninayeamua zipi zitupwe." Hapa tayari msomaji anamwona mtu, anaona tatizo, na anataka kujua mtu huyo atasoma nini. Kinachofuata ni kuunganisha: tatizo hili, shahada hii yenye masomo haya, kisha kazi hii baadaye. Insha inayosema unataka kusoma "ili kupanua maarifa" haijaunganisha kitu.

Umaskini nao una namna ya kuandikwa. Skolashipu zinazoangalia uhitaji zina sehemu maalumu ya kipato cha familia, na huko ndiko takwimu na nyaraka zinakokaa. Kuigeuza insha nzima kuwa kilio hakusaidii. Taja hali yako kwa sentensi mbili zilizo wazi, kisha eleza ulifanya nini ndani yake.

Halafu kuna wale wanaokuandikia barua za mapendekezo. Mwanafunzi humkimbilia mwenye cheo: mkuu wa idara, mkurugenzi, hata mbunge. Barua ya mheshimiwa asiyekufahamu huwa mistari mitano ya sifa zinazomfaa yeyote. Mhadhiri msaidizi aliyesahihisha tasnifu yako na kukumbuka ulivyoirudia sura ya tatu mara mbili ataandika kitu chenye mwili. Mpe wiki sita, mpe tangazo la skolashipu, insha yako na orodha fupi ya kazi ulizofanya chini yake, kisha mkumbushe kwa adabu. Maombi mengi hukwama kwa sababu barua ya mapendekezo haikupakiwa, na mwombaji hakujua hadi dirisha lilipofungwa.

Kuhusu kalenda, anza mwaka mmoja au mwaka na nusu kabla ya kuingia darasani. Chevening hufungua maombi Agosti na kufunga Oktoba kwa ajili ya masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata. Pasipoti, nakala rasmi ya matokeo na mtihani wa lugha ndivyo vinavyokula muda. Matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili, kwa hiyo kuufanya mapema si hasara.

Matapeli hawahitaji aya ndefu. Anayekuhakikishia kupata skolashipu, anayedai "ada ya kushughulikia" kwa njia ya simu, au anayekupongeza kwa ushindi wa kitu ambacho hukuomba, ni mwizi. Marekani ilitunga sheria dhidi ya ulaghai wa skolashipu mwaka 2000, na mbinu hizo hazijabadilika sana tangu hapo. Baadhi ya vyuo hutoza ada halali ya maombi ya udahili, na vingi huisamehe ukiomba kwa barua. Hilo ni jambo tofauti.

Baada ya kupata

Fedha ndogondogo za vyama vya kitaaluma, kampuni, nyumba za ibada na jumuiya za wahitimu hazina umaarufu, na kwa sababu hiyo waombaji ni wachache. Ila kabla ya kuzikusanya, uliza chuo chako: nikipata dola 2,000 kutoka nje, je, mtapunguza ruzuku yenu? Vyuo vingine hukata kiasi kilekile, mwanafunzi akabaki palepale baada ya kuhangaika. Vingine hupunguza kwanza mkopo au kibarua, na hapo umefaidika kweli. Jambo hili lililalamikiwa kiasi kwamba mwaka 2017 jimbo la Maryland nchini Marekani liliwawekea mipaka vyuo vyake vya umma.

Ofa yenyewe mara nyingi inaweza kujadiliwa. Mzazi akipoteza kazi, akiugua, au chuo kingine cha hadhi hiyohiyo kikikupa zaidi, andika kwa ofisi ya misaada ya kifedha barua ya ukurasa mmoja yenye ushahidi na ombi la kiasi maalumu. Hawatakunyang'anya nafasi kwa kuuliza kwa heshima. Uliza vilevile kama ruzuku inadumu miaka yote au ni ya mwaka wa kwanza pekee, na wastani gani wa alama unatakiwa ili isikatwe. Vyuo vingine huwa na mkono mwepesi mwaka wa kwanza, kisha mzito.

Mwisho ni posho. Hata ufadhili unaoitwa kamili mara nyingi huingia benki wiki kadhaa baada ya kuwasili, kwa kuwa unahitaji akaunti, na akaunti inahitaji anwani, na anwani inahitaji kodi ya pango iliyolipwa. Uliza kwa maandishi posho ya kwanza italipwa tarehe gani, na kama kuna fedha ya kuanzia maisha. Wakijibu kwamba hakuna, omba taarifa ya mkopo mfupi wa dharura wa chuo. Vyuo vingi vinao na havitangazi.